Twiga na Kochi

Jumapili, 6 Oktoba

Leo baba kanipeleka Mwanjelwa kuangalia pikipiki. Sikutaka, maana Jumapili mchana ndio muda wangu wa kusoma, lakini mama alisema, "Nenda naye, Ikupa. Akirudi peke yake atanieleza habari za matairi mpaka jioni. Wewe utanieleza kwa kifupi."

Kwa kifupi, ni ndefu. Iliachwa na Mjerumani aliyetoka kwao kwenda Afrika Kusini, akachokea hapa Mbeya na kumuuzia Anord wa duka la spea. Ina matairi yenye meno, springi ndefu, kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ya bati ubavuni. Anord anaiita Twiga. Baba alipoipanda, ncha tu za viatu vyake ndizo zilizogusa chini.

"Huyu hajui barabara mbaya, mzee Lugano," Anord alisema. "Mtupe shimoni, atatoka mwenyewe na kukupa pole."

"Na mtu wa nyuma atashika wapi?"

"Si atakushika wewe? Kwani na mkeo mmegombana?"

Vijana wa pale wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa anapima kwa mkono kimo cha kiti cha nyuma. Kilimfika kiunoni, akabaki amesimama hivyo, mkono kiunoni.

Naandika sababu. Mama anataka kwenda kwao. Kwao ni Igulumbi, mkoa wa Iringa. Ukifika Ifunda unaiacha lami na kupanda mlima kwa njia ya udongo. Mama yake, Bibi Severina, alianguka mwaka jana akavunjika nyonga. Hatembei, na macho yake yana ukungu. Mama naye ana saratani. Alimaliza matibabu mwezi wa saba, na daktari alimwita baba peke yake, akamwambia maneno ambayo baba hajanieleza. Tangu matibabu yale mama hawezi gari lililofungwa. Harufu ya viti na mafuta humtapisha mpaka azimie. Mwezi wa nane tulimshusha kwenye teksi hapahapa Iyunga akiwa hajitambui. Lakini alipokwenda kliniki kwa bodaboda, upepo ukimpiga usoni, alifika akitabasamu. Ndipo baba akasema tutakwenda kwa pikipiki, taratibu, tukilala njiani. Mpunga wake wa Madibira umeshauzwa, na hiyo ndiyo kazi ya pesa yake.

Jumanne, 8 Oktoba

Jaribio la Kemia. Vumbi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kumbe kuna pikipiki ya pili, nayo ni ya Babu Ezekia, baba yake baba, anayekaa Uyole. Zamani alikuwa dereva wa malori ya Zambia, akarudi nayo kutoka Ndola. Ni fupi na pana, usukani wake umekunjwa kurudi nyuma, na kiti cha abiria kina egemeo, unakaa kama uko sebuleni. Watoto wa Uyole wanaiita Kochi. Leo Babu kaja nayo mwenyewe.

Hapa inabidi nieleze habari ya mama na Babu. Kwa mila ya Kinyakyusa mke hamtazami baba mkwe. Hataji jina lake wala hakai anapokaa yeye. Siku hizi wengi hapa mjini wameacha, wanapeana mikono kanisani. Mama yangu ni Mhehe, na hakuna aliyemlazimisha. Shangazi mmoja alimfundisha siku ya harusi, mama akashika, na hajaachia mpaka leo. Babu akija hukohoa getini ili mama apate muda wa kuingia ndani. Wakitaka kusemezana, wananipitia mimi.

Leo Babu alikaa kwenye benchi uani, mama yuko nyuma ya pazia.

"Mke wangu," Babu aliniambia (ndivyo anavyoniita, na mimi hutamani ardhi inimeze), "muulize mama yako ameamkaje."

"Mama, Babu anauliza umeamkaje."

"Mwambie nimeamka salama, nashukuru."

"Anasema ameamka salama, anashukuru."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie hiyo pikipiki waichukue, mgongo wake upate pa kuegemea."

Mama alisogea karibu na pazia. "Mwambie baba nashukuru sana. Lakini siwezi kukaa anapokaa yeye."

Nikafungua mdomo. Babu akainua mkono. "Hiyo usiirudie." Alichorachora chini kwa fimbo. "Mama yako ni Mnyakyusa kuliko sisi," akasema, na sikujua kama anasifu au analalamika.

Jumapili, 20 Oktoba

Anord kamleta Twiga nyumbani ili mama ajaribu. Tuliweka stuli, na juu ya stuli ndoo iliyopinduliwa. Alipokaa miguu ilining'inia. Baba akamwendesha mpaka njia panda na kurudi, polepole kama anabeba mayai. Mama alirudi uso umekuwa wa majivu.

"Ni nzuri," alisema. "Naona juu ya mapaa ya watu."

Akaingia kulala. Saa kumi jioni nilimpelekea uji, hakuunywa.

Jioni Bibi Severina alipiga kwa simu ya jirani yake. Sauti yake ni kubwa, hatuhitaji kuweka spika. "Faustina! Mnakuja lini? Njia ni kavu kama ugali wa jana!" Mama akamwambia Baba Ikupa anatafuta usafiri mzuri. "Mzuri wa nini? Mwambie aje na wowote!"

Baba alikuwa mlangoni, amesikia. Alisema bado anaangalia.

Jumamosi, 26 Oktoba

Baba alimuuliza fundi Zabron kama Twiga anaweza kuchomelewa egemeo. Zabron alisema fremu haikubali, labda amharibu. Basi baba akageukia Kochi. Kama tatizo ni kiti, akasema, Zabron atashona kiti kipya, godoro jipya na ngozi mpya, ambacho Babu hajawahi kukikalia.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Kiti ni nguo tu, Baba Ikupa. Hata ukimvisha mtu nguo mpya ni yuleyule."

Baba akacheka, kisha akaacha ghafla na kutoka nje.

Kusema kweli namkasirikia baba. Mezani ni springi. Akinawa ni matairi. Jana alimsimamisha mwalimu wangu wa Jiografia njiani kumuuliza udongo wa Ifunda ukoje, nami nilijificha nyuma ya ukuta wa duka mpaka walipomaliza. Anaongea kama mvulana, na mgonjwa yuko chumbani.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya ibada wazee walimzunguka baba chini ya kibanda cha kwaya, wakaigeuza kuwa mkutano.

"Kochi litakufikisha lami yote kwa raha, halafu likutupe kwenye udongo," mmoja alisema.

"Twiga atafika juu, sawa. Lakini mgonjwa mtamfikisha vipandevipande."

"Mngemuuliza mgonjwa," alisema Mama Matilda aliyekuwa anapita na kapu. Wakamsalimia, wakaendelea.

Mwishoni mzee Isaka alisema, "Jambo hili halitaki haraka, Lugano. Lifikirie." Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa maji. Niliona uso wake ukilegea. Sijui kwa nini hilo linanisumbua mpaka sasa.

Jumatano, 6 Novemba

Mawingu juu ya mlima Loleza. Hayakunyesha.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo iliingia mpaka chumbani kwa mama, akaniomba nifungue dirisha lote. Hakuwa na nguvu ya kukaa bila mto mgongoni. Zamani, alisema, mvua ya kwanza ikinyesha Igulumbi watoto wote walitumwa kuokota uyoga, na yeye alikuwa anakula mwingine mbichi njiani.

Baba aliingia amelowa. "Sasa ni Twiga," alisema. "Kochi halipandi tope."

"Twiga sikai tena, mume wangu," mama alisema kwa upole. "Sina mgongo."

"Basi tusubiri ikatike kidogo."

Jumamosi, 23 Novemba

Imenyesha wiki nzima. Jirani wa Bibi alipiga kusema lori la mbao limekwama kwenye ule mlima wao na limeziba njia.

Leo nilimkuta baba ghalani, amekaa juu ya gunia. Hakuwa na simu mkononi wala picha za pikipiki. Amekaa tu. Alipogundua niko mlangoni aliinuka haraka akaanza kunieleza kwamba tairi la nyuma la Kochi linaweza kubadilishwa, liwekwe lenye meno, na hapo huenda likapanda. Aliongea kwa bidii huku macho yake yakiniomba nimkubalie. Nikamkubalia.

Nadhani nimeelewa. Mwezi huu na nusu nilidhani baba anapenda pikipiki. Hapendi. Anaogopa. Maadamu hajachagua, safari bado iko mbele, na anaona kwamba mtu mwenye safari mbele yake hawezi kufa. Akichagua, watakwenda. Wakienda, watarudi. Na wakirudi hakuna tena kinachosubiriwa.

Siku zote nilikuwa namsoma vibaya.

Jumapili, 1 Desemba

Nilikuwa namwosha mama miguu. Baba alikuwa sebuleni na Zabron, wanazungumzia tairi. Mama alisikiliza kidogo, macho yake yako darini.

"Ikupa. Mwambie baba yako mimi sikuomba pikipiki. Niliomba kwenda."

Kati ya mama na baba hakuna mila ya kupitishiana maneno. Angeweza kumwambia mwenyewe. Alinituma kwa sababu alijua angelia, au baba angelia.

Nilikausha mikono. Mimi ni mtu wa kushindwa hata kunyoosha kidole darasani. Nilisimama sebuleni mbele ya Zabron, nikasema kama nilivyotumwa, neno kwa neno.

Zabron akachukua kofia yake, akaaga.

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Hakuongeza kitu?"

"Hapana."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi niliosha beseni mara mbili.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumefunga shule. Nimekuwa wa pili. Mama kasema wa kwanza ajihadhari.

Jumamosi, 7 Desemba

Mama alimwita Babu. Haijawahi kutokea. Alinituma Uyole nikamwambie, "Mama anaomba baba aje, na Kochi."

Babu alikohoa getini kama kawaida, akakaa kwenye benchi. Majirani walikuwa wamejaa, kwa sababu Kochi likiingia mtaani hakuna mtoto anayebaki ndani, na watoto huleta mama zao.

"Mwambie baba," mama alisema nyuma ya pazia, "sitaki kuvunja heshima yake. Lakini nataka kumwona mama yangu, na mgongo wangu unataka hicho kiti. Naomba anisaidie tufanyeje."

Nikarudia. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na watoto wakacheka.

Babu aliinamisha kichwa. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, "Mke wangu, panda hapo."

"Mimi, Babu?"

"Kwani nina wake wangapi hapa? Panda."

Nilipanda kiti cha mbele, sketi yangu nimeibana kwa magoti, mtaa mzima unatazama. Babu akalishika Kochi usukani, akaanza kulikokota kuzunguka ua, huku akitangaza kwa sauti ya kuita mnada: "Nyie wote mashahidi! Pikipiki hii kuanzia leo ni ya Ikupa! Mimi Ezekia sina pikipiki! Atakayesema ni ya Ezekia ni mwongo! Nikitaka kwenda mahali nitaenda kwa miguu!"

"Ndaga, Babu!" wanawake wakamshukuru kwa Kinyakyusa, wakishangilia. Mmoja akapiga vigelegele.

Alizunguka mara ya pili, amechoka, anahema. Aliponiteremsha alimwambia baba, "Sasa omba kwa mwenyewe."

Baba akasimama mbele yangu. Hakufanya mzaha. "Mwenye pikipiki," akasema, "naomba nimpeleke mama yako kwao."

Nilisema ndiyo, sauti haikutoka. Nikasema tena.

Babu akaenda kwenye kona, akageukia migomba, mgongo wake kwetu. Ndipo pazia likasogea. Mama alitoka, baba kamshika kiuno, akavuka ua ambao kwa miaka yote hakuwahi kuuvuka Babu akiwa ndani yake. Tulimpandisha. Aliegemea. Akafumba macho, mabega yakashuka.

"Kumbe ni hivi," alisema.

Babu bado alikuwa anaitazama migomba. Alikuwa anatikisika, nami sikuuliza kwa nini.

Jumatano, 18 Desemba. Makambako

Nilitangulia kwa basi na mizigo, nikafikia kwa shangazi Alinanuswe. Wao walilala Chimala juzi, jana wakapumzika siku nzima, na leo wamefika hapa saa tisa. Baba kamfunga mama kwenye egemeo kwa khanga mbili, amemfunika koti lake. Midomo yake imekauka, lakini anaongea kuliko alivyoongea tangu mwezi wa sita. Ameona mashamba ya mpunga yamejaa maji pande zote. Pale Igawa upepo ulitaka kumvua kilemba. Kuna mtoto njiani alimpungia mkono, akampungia.

"Na baba yako anaendesha kama bwana harusi," alisema. "Kila shimo ananiomba msamaha."

Ijumaa, 20 Desemba. Ifunda

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Walifika Ifunda jana saa sita, mimi nikiwasubiri mahali lami inapoachana na njia ya Igulumbi. Mvua ilikuwa imekatika tangu usiku. Udongo ni mwekundu, unang'aa, na magurudumu ya malori yameuchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati.

Baba alishuka, akatembea mbele kidogo, akarudi viatu vimekuwa vizito. Akasema atajaribu. Kochi lilipanda mwanzo wa mlima, likateleza, likapanda tena, halafu tumbo lake likakaa juu ya tuta na gurudumu la nyuma likabaki linazunguka hewani, linatupa tope. Vijana wanne walikuja kusukuma. Kila likisukumwa lilisogea hatua moja na kurudi moja. Mama hakulia, lakini kila likirudi niliona akiuma shavu kwa ndani.

"Baba Ikupa," alisema. "Basi."

"Mara moja tu, wamelishika vizuri."

"Basi, mume wangu. Nirudishe kwenye lami."

Walimrudisha, wakamweka chini ya baraza ya duka la mbolea. Alibaki juu ya kiti chake, kwa sababu alijua akishuka hatuwezi kumpandisha tena. Kijana mmoja, jina lake Didas, aliuliza mama ni wa nani huko juu. Aliposikia ni mtoto wa Bibi Severina, alivua viatu na kuanza kukimbia kupanda mlima.

Tukasubiri. Baba alisimama akiutazama ule mlima.

"Twiga angepanda," akasema.

Mama alinyoosha mkono, akamshika kidole. "Twiga asingenifikisha hapa."

Jua lilikuwa linaelekea chini tulipoona watu wanateremka. Walikuwa wanaume sita, kiti cha mbao kimefungwa kwenye miti miwili, na juu yake Bibi, amejifunga shuka, anawafokea wasiende kama wamebeba maiti. Walimleta mpaka ubavuni mwa Kochi.

"Kamwene, mama," mama alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Uko wapi?"

Mama alishika mkono wa Bibi akauweka usoni kwake. Bibi alipapasa polepole, paji, mashavu, kidevu, akarudia mashavu.

"Umekonda. Huko Mbeya mnakula nini?"

"Wali mtupu, mama."

"Ndiyo maana. Wali ni wa wageni."

Wale wabebaji wakacheka, mama akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Bibi alikuwa ameomba ashushwe kwenye kiti, amekaa chini kwenye sakafu ya baraza, akamvua mama kiatu, akaushika mguu wake kwa mikono yote miwili na kuuweka kifuani.

Mwenye duka alitupatia stoo yake tulale. Tulisogeza magunia, tukatandika, na wabebaji wakamshusha mama. Baba, kwa kumheshimu mama mkwe, alikwenda kulala kwa jirani. Mimi nilikaa mlangoni na kitabu ambacho sikukisoma. Mara nyingi waliongea Kihehe, naelewa kidogo tu, lakini sehemu moja niliielewa yote. Mama alikuwa anauliza nyumba ikoje, na Bibi, asiyeona, anamwonyesha.

"Mlango ni uleule?"

"Uleule. Umepinda chini, unauinua kidogo ndio ufunge."

"Na mpichi?"

"Upo. Tawi la upande wa zizi lilikatika, lile mlilokuwa mnapanda."

"Kaburi la baba?"

"Nimelipanda maua. Didas ananiambia yamechanua mekundu. Nilitaka meupe."

Mama alikuwa anauliza kama mtu anayetembea. Alipita jikoni, akapita kisimani. Kisha akanyamaza.

Asubuhi mawingu yalikuja na wabebaji wakasema ni sasa au wiki ijayo; walitaka kumpandisha mama naye, akasema mgongo wake hauwezi kubebwa mlima ule. Bibi alimshika mama kichwa, akamwombea kwa Kilatini cha zamani alichofundishwa na mapadri. Walipomwinua aligeuza uso upande wetu, japo haoni.

"Safari nyingine mfike nyumbani," alisema.

"Ndiyo, mama."

Jumapili, 29 Desemba

Tuko Iyunga. Walirudi kwa siku nne. Mama hajauliza chochote tangu tufike. Analala.

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Kidato cha Nne. Mvua.

Jumamosi, 18 Januari

Mama amefariki leo asubuhi. Baba alikuwa anamnywesha maji kwa kijiko.

Jumanne, 21 Januari

Tumemzika jana, Uyole, kwa kina baba. Ndivyo mila ilivyo kwa mke, na mama alilijua hilo siku zote.

Watu waliingia kumuaga. Babu hakuingia. Alisimama nje ya mlango, amegeukia ukuta, kofia mkononi. Wazee wenzake walimwambia, "Ezekia, ingia, hayo yamekwisha." Akakataa kwa kichwa. Shangazi alimwambia marehemu haoni. Babu akasema, "Mimi naona."

Kisha akaniita. Hakuniita mke wangu.

"Ikupa. Mwambie mama yako asafiri salama. Mwambie nilikuwa na binti."

Nikaingia. Chumba kilikuwa kimejaa, na wote walinyamaza waliponiona nimeinama. Nilisema kwa sauti ya kusikika, kama nilivyozoea: "Mama, Babu anasema usafiri salama. Anasema alikuwa na binti."

Nikangoja kidogo. Nilikuwa nimezoea kungoja jibu.

Nilipotoka Babu alikuwa bado ameelekea ukutani. "Amesikia?" akauliza.

"Amesikia, Babu."

Jumapili, 9 Februari

Sina la kuandika.

Jumamosi, 15 Machi

Anord amemuuza Twiga kwa mkandarasi wa Tunduma. Alikuja kumwambia baba mwenyewe, kwa adabu, akiwa na kilo ya sukari. Baba alisema, "Amepata mtu. Vizuri." Alipoondoka, baba alichukua jembe akaenda kupalilia mahindi ambayo mimi nilikuwa nimeyapalilia jana.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua inachoka. Inanyesha jioni tu, kidogo.

Jumapili, 18 Mei. Igulumbi

Arobaini ilishapita, na imebidi nguo za mama zirudishwe kwao. Baba aliniuliza kama mwenye pikipiki anaruhusu. Nikasema anaruhusu. Nilikaa nyuma, kwenye egemeo, nguo zimefungwa ubavuni. Jana tulilala Makambako. Njia nzima hatukuongea ila kuhusu mafuta na chai.

Ifunda tuliiacha lami saa nne asubuhi. Hakuna mvua tangu wiki mbili. Udongo umekuwa mgumu, umepasuka kama ganda la mkate, na lile tuta la katikati limesagwa na magurudumu mpaka limelala. Nilijiandaa kushuka na kusukuma. Baba alipunguza mwendo, akasubiri liteleze. Halikuteleza. Kochi lilipanda mlima wote bila kusimama, tukapita watoto wenye kuni, tukapita mpichi wenye tawi lililokatika, mpaka mlangoni.

Safari hiyo kutoka lami ni fupi kuliko kutoka nyumbani kwetu mpaka Uyole kwa Babu.

Baba alizima injini. Bibi Severina alikuwa amekaa juani, kwenye kile kiti chake cha mbao. Aligeuza sikio.

"Hiyo ndiyo ile ya siku ile?"

Nikajibu mimi. "Ndiyo, Bibi. Ni mimi Ikupa, na baba."

Alinyoosha mkono, nikausogeza kwenye tangi la pikipiki, bado la moto. Alilipapasa, akapapasa usukani, akafika kwenye kiti cha nyuma, kwenye egemeo, akabaki hapo.

"Kumbe inafika," alisema.

Baba hakuvua helmeti.